Siku ya Kumi na Tisa ya Kimya

Jumanne, tarehe 14 Julai, mwaka 2071, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa madirisha, kipimajoto cha barazani kilionyesha nyuzi sita, na manyunyu yasiyostahili kuitwa mvua yalikuwa yakilowesha kila kitu pasipo kutoa sauti. Nsajigwa Mwakyoma, Mkuu wa Waitikiaji wa Kata ya Itumbulo, alifungua daftari la zamu, akaandika tarehe kwa mwandiko wake ulionyooka, na chini yake akaandika neno lile lile aliloliandika siku kumi na nane zilizotangulia: Hakuna.

Hakuna yowe lililopigwa. Katika milango mia nne na kumi na miwili, tangu Alhamisi ya tarehe 25 Juni, hapakuwa na mume aliyemwinulia mkewe mkono, wala mlevi aliyetumbukia mtaroni, wala mtoto aliyebanwa na pumu, wala jirani aliyegombea mpaka wa shamba la viazi. Nsajigwa alikuwa mtu wa utaratibu, na kwa kawaida utaratibu ulimpendeza. Huu haukumpendeza. Alikuwa ameishi bwenini miaka sita ya ujana wake, nako alijifunza kwamba wavulana themanini wakinyamaza wote kwa mara moja kabla taa hazijazimwa, si kwamba wamekuwa wema.

"Mkuu, mbona umelikunjia daftari uso kana kwamba limekutukana?" aliuliza Sekela Mwambene, msaidizi wake, akiingia na birika la uji. "Watu wametulia. Tulikuwa tunaomba nini miaka yote hii?"

"Tuliomba watulie. Hatukuomba wanyamaze."

"Haya bwana. Wakipiga yowe unanuna, wasipopiga unanuna. Mke wako ana kazi."

Nsajigwa alitaka kujibu, lakini vifaa vyake vya kusikia vilipiga mluzi mwembamba, mkali kama sindano, akalazimika kuvivua na kuvipangusa kwa leso. Mluzi huo ulikuwa umemwandama tangu mwishoni mwa Juni. Alikuwa kiziwi kabisa tangu umri wa miaka kumi na saba. Bila vifaa vile viwili vya nyuma ya masikio dunia yake ilikuwa shimo lisilo na mwangwi. Alisogea mbali na mlango, akavirudisha, na mluzi ukakoma.

Penye mwimo wa mlango huo, kama penye mwimo wa kila mlango wa kata, kilibandikwa kifaa cha ukubwa wa mche mfupi wa sabuni, chenye rangi ya udongo. Hilo ndilo lililoitwa yowe. Liliwekwa chini, usawa wa mkono wa mtoto, ili hata mtoto aweze kuligusa. Ukiligusa, majirani watatu waliofunzwa walipata habari, na kabla ya dakika nne walikuwa wamefika. Walifika watatu, mikono mitupu, na wa kwanza kuingia alikaa chini sakafuni kabla hajatamka neno. Kanuni hii ya kukaa kwanza haikuandikwa na wataalamu wa mahali popote. Iliandikwa na kifo.

Miaka kumi na mitatu nyuma, Anyosisye, kijana aliyekuwa akishikwa na maradhi ya akili kila msimu wa baridi, alisimama uani kwao na jembe mkononi, akiongea na mtu ambaye wengine hawakumwona. Zamani hizo ukipiga simu ya dharura walikuja Doria: mbwa wa chuma watatu na askari mmoja aliyewaongoza akiwa ndani ya gari. Mbwa walimwamuru kijana akae chini. Walihesabu hadi tano kwa sauti nzuri ya kike. Hakukaa. Nsajigwa alikuwa nyuma ya ua, aliona. Baada ya mazishi, Mama Anyosisye alikwenda mlango kwa mlango na debe tupu kichwani, akiomba kila nyumba itoe debe moja la viazi kila mavuno, ili kata iwe na watu wake wa kuja. Na watu hao walipopatikana, waliapa kwamba kuanzia siku hiyo anayekuja ndiye atakayekaa.

Viazi vililisha kazi hiyo miaka minne. Kisha ukaja Mfuko wa Makazi Tulivu, ukaona, ukasifu, ukaleta mishahara, mafunzo na mayowe ya ukutani, ukasema madebe hayahitajiki tena. Leo saa sita mchana mwakilishi wa Mfuko angefika na mkataba wa miaka kumi. Usiposainiwa kufikia saa saba kamili, kwa sheria ya wilaya, simu za dharura za Itumbulo zingerudi kwa Doria.

"Jana Mama Anyosisye hakuleta viazi vyake vya Jumatatu," Nsajigwa alisema ghafla.

Sekela aliweka birika chini. Kila Jumatatu, kwa miaka kumi na mitatu, yule mama alileta sufuria ya viazi vya kuchemsha ofisini, akawahesabu waitikiaji kama mama anavyohesabu kuku, akaondoka.

"Labda mvua."

"Alikuja siku daraja liliposombwa, Sekela."

"Basi ngoja nimpitie. Narudi uji haujapoa."

Alikwenda peke yake, kwa kuwa halikuwa yowe bali salamu. Saa tatu na nusu uji ulikuwa umeganda na hajarudi. Nsajigwa alimwita kwa redio ya mkononi.

"Niko salama, Mkuu," sauti ya Sekela ilijibu, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Tumekaa."

"Unarudi lini?"

Redio ilikwaruza. Kisha, kwa upole uleule:

"Tumekaa tu."

*

Mlango wa Mama Anyosisye ulikuwa wazi na moshi haukutoka jikoni. Alipokanyaga kizingiti mluzi ulianza tena masikioni, lakini Nsajigwa alikuwa amezoea kuvumilia. Alibisha hodi.

"Karibu, mwanangu," alijibu mama.

Aliingia, akafanya alichokuwa akiwafundisha wengine kwa miaka kumi na mitatu: alikaa chini, hapo hapo kando ya mlango, bega lake likiligusa yowe. Mluzi ukazama, au yeye akazama, hakuweza kutofautisha. Kifua chake kilichokuwa kikienda mbio kwa kupanda mlima kilitulia pumzi kwa pumzi, kana kwamba mtu alikuwa akimpumulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huko mmeamkaje?"

"Salama tu."

Sekela alikuwa ameketi mkabala naye, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai mkononi. Chai ilikuwa imeshika utando. Alimtabasamia Nsajigwa. Kwenye kitanda cha kamba karibu na meko, Mzee Gwakisa, mume wa nyumba ile, alilala chali, amefunikwa blanketi hadi kifuani, macho wazi.

"Mzee hajambo?"

"Amelala tangu Jumapili," alisema Mama Anyosisye, akimimina chai baridi katika kikombe cha tatu. "Alianguka akichukua kuni. Mdomo ukaenda upande. Akawa ananiita kwa jina langu la usichana. Nikasema niguse yowe." Alimpa Nsajigwa kikombe. "Kisha nikaona, haraka ya nini."

Ni kweli, Nsajigwa aliwaza. Haraka ya nini. Alinywa. Nzi mmoja alikuwa akitembea juu ya jicho la mzee, toka pembe hadi pembe, na Nsajigwa alimwona kuwa nzi mwenye adabu, asiye na papara. Alifikiri kwamba angeweza kukaa pale mpaka jioni. Alifikiri kwamba hajawahi kukaa mahali pazuri hivi. Alijiegemeza mwimoni ili apumzike vema.

Mluzi ulimchoma ubongo. Kwa mazoea ya majuma matatu, mikono yake iliinuka yenyewe ikavivua vifaa vyote viwili.

Kwanza ulirudi uziwi wake, ule aliokuwa akiujua. Halafu ikaja harufu.

Ilikuja yote kwa mkupuo, ya siku mbili, nzito na tamu, na pamoja nayo ikaja baridi ya sakafu, ikaja hofu ambayo dakika ile ile alikuwa hana. Kikombe kilimponyoka. Alimwona Mzee Gwakisa alivyokuwa hasa: kidevu kilichokauka, ulimi, jicho na yule nzi. Alimwona Sekela akiendelea kutabasamu. Alimshika mabega akamtikisa. Sekela alimpapasa mkono kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto.

Ukutani, juu ya kitanda, lilitundikwa jembe. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuligusa tangu mazishi ya mwenye jembe. Nsajigwa, ambaye aliapa kuingia kila nyumba mikono mitupu, alisimama, akalichukua, akaingiza ncha yake nyuma ya yowe na kulibandua. Lilitoka na kipande cha ukuta. Alilipiga mara tatu sakafuni mpaka lilipofunguka kama kokwa na kuonyesha matumbo yake ya shaba.

Walichukua muda kurejea. Sekela alitambaa hadi nje akatapika. Mama Anyosisye alibaki amekaa. Alikitazama kikombe chake. Alitazama kitanda. Nsajigwa aliona mabega ya yule mama yakipanda, akauona mdomo wake ukifunguka na mishipa ya shingo ikisimama, na akamwona Sekela huko uani akiziba masikio yake. Yowe la kwanza la Kata ya Itumbulo baada ya siku kumi na tisa, mkuu wa waitikiaji hakulisikia.

Baadaye, alipovirudisha vifaa vyake, Mama Anyosisye alikuwa amemfunika mumewe uso na kukaa kando ya kitanda, mikono juu ya magoti.

"Siku mbili hizo zilikuwa za nani, Mkuu?" aliuliza. "Maana mimi sikuwamo. Mume wangu ananiita, na mimi nachemsha chai. Nani alikuwa amekaa ndani yangu?"

Nsajigwa aliliangalia yowe lililopasuka sakafuni. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa na sahihi yake.

"Nitayang'oa yote," alisema.

"Halafu walete mbwa?" Macho ya mama yalikuwa makavu sasa. "Mbwa walinichukulia mtoto. Hiki kimenichukulia mume. Usiwarudishe wale, na hiki usikirudishe. Sikwambii utafanyaje. Mkuu ni wewe."

*

Obadia Tweve, mwakilishi wa Mfuko, alifika saa sita kasoro dakika tano, ameshika mwavuli mweusi na mkoba wa ngozi. Nsajigwa alimngoja nje uani, chini ya mvua, kwa kuwa lile yowe la ofisini lilikuwa bado ukutani.

"Mwakyoma! Unapokea mgeni uani kama kiranja wa zamu?" Obadia alicheka, akamkumbatia. "Bado tu unaandika kwa kalamu ya wino?"

"Na wewe bado tu unapenda kufika dakika ya mwisho."

"Sikuwahi kukosa paredi hata moja."

"Uliwahi kukosa moja."

Wote wawili waliijua. Ilikuwa mwezi wa Februari, kidato cha tano. Homa ya uti wa mgongo ilimwangusha Nsajigwa jioni ya mvua, mlezi wa bweni akasema ni uvivu, na lango likafungwa. Obadia alimbeba mgongoni, akavunja uzio, akatembea naye kilomita kumi na moja hadi hospitali ya misheni. Daktari alisema kwamba saa moja zaidi ingekuwa ya kaburi. Homa ilibaki na masikio ya Nsajigwa, lakini roho ilirudi. Obadia alisimamishwa masomo mwezi mzima kwa kuvunja uzio, na katika miaka arobaini na minne hakuwahi kulitaja tukio hilo kama deni. Mwezi wa Aprili mwaka huu, alipoleta karatasi za maboresho ya mayowe, alisema tu, "Soma ukipata nafasi, lakini zinahitajika leo." Nsajigwa, aliyewahi kumrudisha bwana ardhi kwa sababu ya nukta moja, alisaini kurasa zote bila kusoma, kwa heshima ya mgongo ule.

"Leo asubuhi nimesoma kiambatisho cha tatu," alisema Nsajigwa. "Kwa kuchelewa."

"Aa."

"Kinasema kuanzia tarehe 26 Juni yowe litakuwa macho hata pasipo kuguswa. Litasikiliza pumzi za watu wa nyumba, na likizikuta zinakwenda mbio litatoa mvumo mzito wa chini kabisa, unaokwenda sawasawa na pumzi hizo, kisha likaupunguza mvumo kidogo kidogo, na pumzi zikafuata. Kinaitwa kitulizo. Pumzi ikishatulia, mkono hauendi tena ukutani. Ndiyo maana daftari langu limeandikwa Hakuna."

"Ndiyo maana hakuna aliyechomwa kisu katika kata hii kwa siku kumi na tisa," alijibu Obadia kwa sauti tulivu. "Liseme na hilo."

"Gwakisa amekufa Jumapili mbele ya mkewe, na mkewe amekunywa chai. Msaidizi wangu alipokwenda, alikaa kando ya mlango kama tulivyofundishana, kwa kuwa mmekiweka kitu chenu pale pale tunapokaa, naye akanywa chai. Na mimi nikanywa."

Obadia alifunga mwavuli taratibu, ingawa mvua haikuwa imekatika. Alionekana mzee.

"Pole sana. Hilo ni kosa la kipimo; litarekebishwa. Lakini nisikilize, ndugu yangu, wewe ni mtu wa hesabu. Kata ya jirani waliukataa Mfuko. Doria wamezika watu kumi na mmoja huko mwaka jana, wawili kati yao hawajafika miaka kumi. Hapa amekufa mzee mmoja wa miaka themanini na miwili, kwa kiharusi ambacho pengine kingemuua hata hospitalini."

"Pengine."

"Ndiyo, pengine."

"Hiyo pengine ilikuwa mali ya mkewe. Ndiyo aliyonyimwa."

"Maneno mazuri! Utawasomea mbwa wa chuma wakifika?" Obadia aliinua sauti kwa mara ya kwanza. "Unadhani fedha zinatoka wapi? Wanaotoa hawawezi kuhesabu mtu aliyeketi sakafuni na mwenzake mpaka jembe likateremshwa. Hawaoni. Wanahesabu mayowe. Yakipungua wanalipa, yakiongezeka wanauliza tunafanya nini. Miaka tisa nimesimama mbele yao nikiwatetea nyinyi na sakafu zenu. Kitulizo ndicho kilichobaki. Bila hicho hamna mshahara hata wa mtu mmoja, na saa saba simu zinahama."

Nsajigwa hakuwa mtu wa kudharau hoja kwa sababu imetoka kwa mpinzani. Alimwona Anyosisye amesimama na jembe, akasikia ile sauti nzuri ya kike ikihesabu. Aliona watoto wawili asiowajua. Alijua kwamba akikataa, mtu fulani wa kata hii, mwenye jina na mama, huenda angekufa kabla ya Jumamosi, na kwamba mama huyo angekuwa na haki ya kuja kumuuliza. Alijua pia kwamba akikubali hakuna atakayekuja kumuuliza chochote, milele, na hilo ndilo lililomtia baridi kuliko manyunyu.

Ndipo upepo ulipoipeperusha skafu ya Obadia, na Nsajigwa, ambaye maisha yake yote alitazama masikio ya watu jinsi wenye njaa wanavyotazama sahani, akaona. Ndani kabisa ya kila sikio la rafiki yake kulikuwa na kizibo kidogo chenye rangi ya ngozi.

"Vua hivyo," alisema.

"Vipi?"

"Masikioni. Vivue, tuingie ofisini, tukae kando ya mlango mimi na wewe. Nusu saa. Kisha uniambie nisaini."

Obadia aliangalia mlango. Hakwenda.

"Wote wa Mfuko huvivaa tukija huku," alisema hatimaye. "Ni utaratibu wa kazi."

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Mimi sili njama, Nsajigwa. Naogopa kama wewe. Nimechagua tu kilicho kidogo." Alifungua mkoba, akatoa mkataba ndani ya bahasha ya plastiki, akauweka juu ya jiwe la kunolea. Juu yake akaweka kalamu. "Sijawahi kukudai. Hata siku moja. Leo nakudai. Kwa ule usiku, saini."

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

*

Nyuma ya ofisi, kwenye mti wa mparachichi, kilining'inia kipande cha reli, kilichotumika enzi za viazi, kabla ya mayowe ya ukutani. Kilikuwa na kutu ya miaka tisa. Nsajigwa alivua vifaa vyake vya kusikia, akavitia mfukoni, akachukua nondo na kupiga.

Hakusikia. Aliuhisi mshtuko ukipanda mkononi hadi begani, kama alivyohisi kengele ya bweni siku aliporudi hospitali, ameshika nguzo yake kwa viganja viwili. Alipiga pigo la paredi, mfululizo bila kituo, kwa kuwa ndilo alilolijua. Aliitazama milango.

Kwa muda mrefu ukungu haukubadilika. Kisha mlango mmoja ulifunguka chini ya barabara. Halafu miwili. Sekela alitokea akikimbia, macho mekundu, na nyuma yake mtu mmoja, na mwingine. Walikuja wakipepesuka kidogo, kama walioamshwa. Wengine walisimama barazani kwao, wakaisikiliza reli, wakarudi ndani na kufunga mlango kwa utaratibu. Nsajigwa aliendelea kupiga mpaka ngozi ya kiganja ilipochubuka, kisha akawahesabu waliofika. Walikuwa thelathini na wanne. Milango mia nne na kumi na miwili, watu thelathini na wanne.

Wa mwisho kufika alikuwa Mama Anyosisye. Alikuwa amejitanda kanga nyeusi, na kichwani amebeba debe tupu. Alilitua chini mbele ya watu wote pasipo kusema neno. Mtu mmoja, mwenye duka la mbegu, aliingia nyumbani kwake, akatoka na viazi alivyovikumbatia kifuani, akavitia ndani. Havikufika hata robo ya debe.

"Watatu watatu," alisema Nsajigwa, bila kujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani. "Zibeni masikio kwa nta, kwa pamba, kwa chochote. Kila nyumba, ling'oeni. Mkikuta mtu amekaa, mtoeni nje kwanza. Na sikilizeni vizuri: leo hatukai. Atakayekaa hatainuka."

"Na Doria wakija?" alionekana kuuliza mwenye duka, midomo yake ilikuwa rahisi kusoma.

"Wakija, mtu akiwa uani na jembe, tutakuwa tumeshafika kabla yao, na tutakuwa tumekaa kati yake na wao. Wahesabu hadi tano mbele yetu sote."

"Ndiyo mpango wote huo?"

"Ndiyo wote."

Walitazamana. Wawili waliondoka wakarudi makwao. Waliobaki walijigawa, wakapanda na kushuka vichochoro, ukungu ukawafunika mmoja baada ya mwingine. Sekela alikuwa wa mwisho. Alimgusa mkuu wake mkononi, akaonyesha juu, kule barabara kuu inakokata kilima. Taa tatu za chini, nyeupe, zilikuwa zimesimama kwa safu. Hazikusogea. Zilikuwa zikingoja saa saba.

Obadia alikuwa bado amesimama kando ya jiwe la kunolea, mwavuli umefungwa, mvua ikimtiririka usoni. Aliutazama mkataba, akatazama zile taa, akamgeukia Nsajigwa. Alizungumza polepole, akiunda kila neno kwa midomo, kama alivyojifunza kuzungumza naye wakati ule wodini, wa kwanza duniani kufanya hivyo.

"Kilomita kumi na moja," alisema. "Nilikubeba kilomita kumi na moja."

Nsajigwa alichukua kalamu juu ya mkataba, akaifuta maji kwa leso, akamrudishia mwenyewe mkononi.

"Ulinibeba, Obadia. Ukianguka popote nitakuja kukubeba, hata ikiwa saa hii. Lakini hiki unachokidai si changu, ni cha watu wa milango hii. Silipi."